Mkono wa Ekirapa kwenye Krenki Nyekundu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nikasahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ni asubuhi niliyomnyima mkono mtu mzima mbele ya watu, nikiwa nimepiga magoti sakafuni, mimi binti wa Nagongera niliyelelewa nikijua kwamba salamu hanyimwi mtu. Nilimnyima na sikujuta. Hadi leo sijajuta, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaelewa kwa nini natembea hapa Busia kichwa juu kama mtu aliyeshinda kesi.

Kaa basi. Umeme umekatika, mashine zimelala, na wewe huna pa kwenda. Mimi nami nikianza kusimulia sipendi kukatizwa, hilo wenzako wameshakuambia.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa, mwembamba hivi usivyoweza kuamini ukinitazama leo. Nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio katika karakana moja upande wa Masinya, iliyokuwa ikikereza vipuri vya alumini: mikono ya pampu za maji, pulia za mashine za kusaga unga, na vitu vya baiskeli. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha kubwa, na humo ndimo tulimofanya kazi watu watatu. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Wandera, Msamia wa Buhehe, aliyekuwa amefanya kazi hii miaka mingi huko Jinja kabla ya kurudi nyumbani. Wa pili alikuwa Makokha, kijana wa upande wa Kenya aliyevuka mpaka kila asubuhi na kurudi kwao jioni, mkerezaji hodari na mwenye maneno mengi. Wa tatu ni mimi.

Kazi ya chumba kile ndiyo hii unayojifunza sasa, kuanodaizi. Lakini Mzee Wandera hakulipenda neno hilo, alisema linamkwama mdomoni. Yeye alisema tunaotesha chuma ngozi. Na kweli ndivyo ilivyo. Hii si rangi ya kupaka juu ya kitu kama unavyopaka ukuta. Unachukua alumini yako, unaisugua, unaisafisha, unaining'iniza ndani ya asidi iliyopoa, unapitisha umeme, na chuma chenyewe kinaota ngozi ngumu yenye vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Ukikitia kwenye rangi, vile vitundu vinainywa. Ukikichemsha kwenye maji safi, vinaziba, na rangi inabaki ndani daima. Haibanduki, kwa sababu hakuna kilichopakwa cha kubanduka. Asidi tulikuwa nayo kwenye pipa la plastiki, umeme tuliutoa kwenye chaja kubwa ya betri, na barafu ya kuipooza asidi tuliinunua kwa wauza samaki pale mpakani. Ndiyo, usicheke. Chumba chetu kilinuka sato wiki nzima.

Sasa ubaya wa ngozi ile, na ndio uzuri wake pia, ni kwamba haifichi kitu. Rangi ya kupaka inafunika mikwaruzo kama poda inavyofunika chunusi. Ngozi ya alumini ni nyembamba, inafuata kilichopo. Kama umeacha mkwaruzo, utauona vilevile, tena sasa una rangi na unang'aa. Ndiyo maana Mzee Wandera alitukalisha kwenye msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Tulianza na msasa mkali, kisha mlaini wake tukisugua kwa kukata ile mistari ya kwanza, kisha mlaini zaidi, mpaka mistari ya nyuma imeisha yote. Akikuta mstari mmoja tu wa msasa wa kwanza umebaki, alikirudisha kile chuma mbele yako bila kusema neno, akaenda zake. Bora angetukana. Yule mzee alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na akikiinua chuma dirishani akakigeuza polepole, wewe uliyekisugua uliacha msasa ukamtazama.

Kazi kubwa tuliyopata mwaka ule ilitoka kwa waendesha baiskeli za magurudumu matatu. Unawajua, bado wapo mpakani, ndugu zetu wasioweza kutembea kwa miguu, wanaobeba sukari na unga na katoni za sabuni kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baiskeli zao huendeshwa kwa mikono. Kuna krenki mbili za kuzungushia, na mtu anazizungusha asubuhi mpaka jioni juani. Krenki zao za zamani zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Jasho lilizila, zikaota kutu, rangi ikabanduka vipande vipande, na vile vipande viliingia kwenye malengelenge ya viganja vyao. Niliwahi kuona kiganja cha mama mmoja miongoni mwao, nikashindwa kunywa chai yangu. Chama chao kikaja kwetu kikasema, tutengenezeeni za alumini, ziwe nyekundu ili zionekane kwenye msongamano wa malori, na zisitukwaruze mikono.

Kundi la kwanza tuliwapelekea tukijisifu, likarudishwa lote. Krenki zilikuwa nyekundu, ndiyo, lakini zilikuwa na mabaka meupe-meupe, mengine kama yai la kware, mengine marefu kidogo. Mwenyekiti wa chama, Mzee Ekirapa, alituma ujumbe mfupi: wao si watu wa kupewa mabaki. Mwenye karakana alikuja chumbani kwetu na maneno yake yalikuwa mafupi vilevile. Kundi la pili likirudi, chumba hiki nakifunga, naweka mashine ya kuchomelea. Mzee Wandera angerudi Buhehe kulima muhogo. Makokha angebaki kwenye mashine ya kukereza, huyo hakuwa na shida. Mimi ningerudi Nagongera, kwa baba yangu aliyekuwa amewaambia watu wote sokoni kwamba binti yake amekwenda kujifunza ufundi wa vyuma, huku nusu yao wakimcheka. Nilijiambia, Athieno, bora ardhi ikumeze kuliko kurudi kwa mtindo huo.

Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake. Makokha alisema ni asidi imechoka. Mwenye karakana alisema ni umeme wetu unaokuja na kuondoka unavyotaka. Mimi nililaumu maji ya kisima, nikaanza kusuuzia kwa maji safi ya kuongezea betri. Mabaka yakaja vilevile kwenye vipande vya majaribio. Kuna aliyependekeza tuyafunike kwa nta tukapeleke hivyohivyo. Mzee Wandera akamgeukia akamwambia aende akauze nta basi.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Aliichukua krenki moja yenye baka, akaweka kidole gumba chake juu yake. Kikakaa sawasawa. Akaweka na vidole vingine upande wa pili. Vikakaa navyo. Yale hayakuwa mabaka ya asidi wala ya maji. Ilikuwa ni mikono ya watu.

"Lakini sisi tunanawa," Makokha akasema. "Tunanawa mpaka tunang'aa, mzee."

Na kweli tulikuwa tunanawa. Glavu za mpira zilikuwa nene, hazikuweza kufunga ule waya mwembamba wa kuning'inizia, kwa hiyo tulisugua mikono kwa sabuni na brashi mpaka kwenye viwiko, kisha tukafunga kwa mikono mitupu.  Kesho yake asubuhi mzee alichukua kigoda akakaa mlangoni, akatutazama tu.

Aliona nini? Aliona mpaka wa Busia, mwanangu. Hapa mtu hapiti bila kukupa mkono. Jirani anapita kwenda shambani, mkono. Bodaboda anashusha mtu, mkono, na mtu aliyeshushwa naye mkono. Mama wa chai anaingia na chapati zake, anakupa mkono ule ule uliotoka kugeuza chapati kwenye mafuta. Usipoupokea, anauliza umemkosea nini. Sisi tulinawa vizuri sana, kisha tukatoka kwenye beseni tukawasalimia watu wote waliopita mlangoni, kisha tukarudi kushika alumini iliyotoka kusafishwa kwa soda kali, tukijua mikono yetu ni safi. Tulikuwa tunazigawia krenki za watu mafuta ya chapati, jasho la bodaboda, na mafuta ya mgando ya jirani. Pale palipoguswa, ngozi haikuota vizuri, na rangi haikuingia.

Mzee Wandera akainuka kutoka kwenye kigoda chake. Sijawahi kusikia mtu akifoka kwa sauti ndogo namna ile.

"Ninyi mnanawa kwa ajili ya chuma, kisha mnawapa watu. Tangu leo, mtu akishatoka kwenye beseni, mkono wake haumsalimu mtu mpaka krenki zimetoka kwenye rangi. Hata aje askofu. Mtu akija, mpeni kifundo."

Kifundo cha mkono, maana yake. Unajua desturi yetu: mtu mwenye matope au grisi mkononi anakunja ngumi anakupa kifundo, nawe unakishika, mnasalimiana na mambo yanaisha. Anachokuambia ni kwamba mkono wake ni mchafu, hataki kukuchafua. Mzee alituazimia desturi hiyo hiyo tuitumie kinyume, mikono ikiwa misafi. Sote tukaona ni jambo dogo tu. Watu wa pale mlangoni walitucheka siku mbili tatu, mama wa chai alinuna, kisha wakazoea. Vipande vya majaribio vikaanza kutoka bila baka.

Ndipo ikafika siku ya kundi la pili.

Tulikuwa tumesugua krenki zote, tumezipitisha kwenye soda, na sasa zilikuwa kwenye maji ya kusuuzia zikingoja kufungwa waya. Chuma kikifika hapo hakimsubiri mtu. Ukikiacha kinaanza kufifia chenyewe, na inabidi urudie kukisafisha, na kila ukirudia soda inakila zaidi. Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye pipa. Umeme ulikuwepo, na hakuna aliyejua utakuwepo mpaka saa ngapi. Nilikuwa nafunga krenki yangu ya kwanza, maji yanadondoka kwenye vidole, niliposikia mlio wa magurudumu mlangoni.

Alikuwa Mzee Ekirapa mwenyewe. Mteso mpana wa mabega, kichwa chenye mvi, ameketi kwenye baiskeli yake ya zamani yenye krenki zilizobanduka. Alijisukuma mpaka ndani, akafika mbele yangu.

"Yoga!" akasema, ndiyo salamu ya kwao. "Mimi nakuja kuona kazi kwa macho yangu. Ile ya kwanza ilikuwa kama ngozi ya mtu ana upele."

Akaninyoshea mkono.

Nikapiga magoti, kama mama yangu alivyonifunza kuwasalimu wakubwa. Lakini mikono yangu nikaibakiza juu, na nikampa kifundo.

Hakukipokea. Alikitazama, kisha akaitazama mikono yangu iliyokuwa inadondosha maji, myeupe kwa kusuguliwa. Mkono wake ukabaki hewani. 

"Nakataa mkono yangu?" akaniuliza.

"Hapana, mzee, ni..."

"Mkono yako mimi naona. Ni safi, maji natoka. Basi chafu ni yangu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Watu mingi nakataa mkono hii. Nafikiri ugonjwa ya miguu napita kwa mkono. Sokoni nakataa, kwa basi nakataa, hata kanisani mtu naangalia kando. Hiyo nimezoea. Lakini hapa? Hapa mahali natengeneza kitu yangu?"

Kweli, mwanangu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwa mtu mwingine yeyote kifundo kilikuwa kichekesho cha mlangoni. Kwake yeye lilikuwa tusi alilolijua maisha yake yote, na sasa limemfuata mpaka kwetu. Nilimwonea uchungu, nikaona na aibu, na machozi yalikuwa karibu.

"Athieno, wacha hizo bana," Makokha akaninong'oneza. "Mpe mzee mkono tumalize hii maneno."

Na Mzee Wandera, yule yule aliyesema hata aje askofu, akaafiki kwa kichwa haraka haraka. "Mpe mkono, binti yangu. Tutanawa tena."

Alijua kama nilivyojua mimi kwamba hapakuwa na nafasi ya kunawa tena. Viganja vya mtu anayezungusha krenki siku nzima hupakwa mafuta ya mgando kila asubuhi ili visipasuke, na mafuta yale hayatoki kwa mnawo mmoja. Kabla sijamaliza kujisugua, krenki zingekuwa zimefifia majini. Ningempa mkono, angefurahi, angekunywa chai, angeondoka. Na jioni angeletewa krenki zenye mabaka, chumba kingefungwa, na yeye angeendelea kujichuna viganja kwenye chuma chenye kutu. Niliona yote hayo kwa pamoja. Hapo ndipo woga uliponitoka. Sijui ulikwenda wapi, ila nakuambia ulitoka.

"Mzee wangu," nikasema, bado nimepiga magoti, "mimi hapana kataa wewe. Leo leo nitakusalimia na mikono yote mbili mpaka wewe mwenyewe uchoke. Lakini saa hii mikono hii si yangu. Ni ya krenki yako."

"Hayo ni maneno."

"Basi usisikie maneno." Nikaitoa kwenye maji krenki moja, safi, ya kijivu, nikaikamata kwa ndoano ya waya na kumsogezea. "Shika hii. Shika kama vile ungeshika mkono yangu."

Nilisikia Mzee Wandera akivuta pumzi nyuma yangu, maana nilikuwa naiharibu krenki nzima iliyosuguliwa kwa siku kadhaa. Ekirapa alinitazama kwa muda. Kisha akaishika. Aliishika kwa hasira, kwa nguvu zote za mkono ule uliozoea kuvuta mizigo ya sukari, akairudisha kwenye ndoano yangu.

"Sasa?"

"Sasa kaa hapo, mzee. Usiende."

Nikainuka nikafanya kazi. Huwa najisifu, unajua, lakini hapa sijisifu, nasema kilichotokea: sijawahi kufunga waya haraka namna ile, kabla yake wala baada yake. Makokha aliacha maneno akawa ananipokeza. Krenki zote tukaziteremsha kwenye asidi zikining'inia kwenye ufito mmoja, na ile ya Ekirapa ikawa ya mwisho pembeni, imefungwa waya wake peke yake. Mzee Wandera akawasha chaja, akasimama ameegemea ukuta, mkono mmoja kwenye swichi, macho kwenye taa ya dirishani kuona kama umeme utayumba.  Mama wa chai alikuja na birika lake, akatuona, akamimina kikombe kimoja tu cha Mzee Ekirapa, akakaa chini kando yake kungoja kama anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Umeme haukuyumba. Asante Mungu, siku ile haukuyumba.

Tukazitoa, tukazisuuza, tukazitumbukiza kwenye rangi. Lakini kwenye rangi huoni kitu, ni wekundu mtupu. Muda ulipotimia nikauvuta ufito mzima juu kwa pamoja.

Mwanangu! Zilitoka nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Hakuna baka. Hakuna mstari wa msasa. Mzee Wandera akaja na miwani yake ya uzi, akaigeuza ya kwanza dirishani, ya pili, ya tatu, na kila aliyoigeuza aliiacha ikibembea bila neno, na kwa mara ya kwanza ukimya wake ukawa mtamu. Makokha akaanza kupiga makofi. "Hii iko fiti! Hii iko fiti kabisa!" Mama wa chai akapiga vigelegele, na yeye hata hakujua tulichokuwa tunakifanya mle ndani.

Kisha nikaitoa ile ya mwisho, nikamsogezea mwenyewe na ndoano yake.

Katikati ya wekundu ule palikuwa na mkono mweupe mzima. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, na hata alama ya sugu lililokuwa chini ya kidole cha pete ilionekana. Ekirapa alitazama. Akauleta mkono wake polepole bila kugusa, akaupima juu ya ile alama.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Na hizi zingine zote zingekuwa hivi?"

"Kila pahali mkono yangu ingegusa."

Akasema kwa sauti ya chini, na neno hilo nikalisikia mpaka kwenye mifupa: "Basi mkono yangu si chafu."

"Si chafu, mzee. Ni ya mafuta tu."

Kicheko kilichomtoka kilitikisa baiskeli yake. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akacheka mpaka na Mzee Wandera, ambaye sikuwahi kumwona meno, akaanza kucheka. Tulizichemsha zote, na ya kwake pia, zikaziba vizuri. Kisha nikafuta mikono yangu kwenye nguo, nikamwendea mbio, nikapiga magoti nikamnyoshea mikono yote miwili kama nilivyoahidi. Yule mzee akaukunja mkono wake akanipa kifundo.

"Ngoja," akasema. "Leo na mimi niko kazini."

Halafu akaifungua ile ngumi, akanishika mikono yangu yote miwili, akanisalimia salamu ndefu sana, ya nyumbani, ya ng'ombe, ya baba yangu ambaye hakumjua, ya kila mtu Nagongera. Nilitoka pale mikono imejaa mafuta ya mgando mpaka kwenye viwiko.

Hakukubali tumtengenezee krenki nyingine badala ya ile iliyoharibika. Aliifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, upande wa kulia, na miaka yote aliyoendelea kuvuka mpaka alimwonyesha kila afisa na kila dereva wa lori. Aliwaambia kwamba huo ni mkono wake, na kwamba kuna msichana wa Nagongera aliyeukataa. Krenki zile hazikubanduka. Yule mama niliyeona kiganja chake alikuja siku moja kuniamkia, akanifungulia viganja vyake, na vilikuwa vimepona. Chumba hakikufungwa. Kazi zikaja kutoka Malaba, kutoka Tororo mjini, mpaka Mbale. Baba yangu alifika siku moja akapewa kipuri kimoja chekundu akaondoka nacho, na ninasikia kilikaa mezani kwake Nagongera juu ya kitambaa, karibu na Biblia, na kila mgeni aliambiwa asikiguse.

Jioni ya siku ile ya kundi la pili, watu walipokwisha kutawanyika, Mzee Wandera aliniambia neno moja ambalo nimelihifadhi. "Sheria niliitunga mimi," akasema, "na nikawa wa kwanza kuikimbia, kwa sababu niliona aibu. Wewe pia uliona aibu. Lakini wewe uliifanyia kazi."  Akachukua kofia yake akaenda zake.

Sasa sikia ninachotaka kukuambia, maana sikukusimulia haya ili unisifu, ingawa ukinisifu sitakuzuia.

Kazi yetu inaamuliwa kabla ya asidi. Siku hizi mnazo mashine zinazoendeshwa na kompyuta, zinakereza alumini laini mpaka mtu anadhani imekamilika. Haijakamilika. Ukikitumbukiza chuma, umechelewa. Kila ulichokiacha kitatoka na rangi yake. Kwa hiyo sugua mpaka mistari ya nyuma iishe, hata kama hakuna anayekutazama, hata upande wa ndani ambao mteja hataufunua. Nawa, na ukishanawa linda ulichonawia. Na ukiona kasoro, usikimbilie kulaumu asidi na umeme na maji. Weka kidole chako kwanza uone kama kinaenea.

Lakini hilo si nusu ya maneno yangu. Wapo mafundi wengi wanaoshika sheria, na wengine wanaishika kama mawe, wanamwacha mtu amesimama na mkono wake hewani. Mimi ningeweza kusema tu sheria ni sheria, nikamwacha Ekirapa aondoke na lile donda alilokuja nalo maisha yote. Kazi ingetoka nzuri na mimi ningekuwa mtu mbaya. Usikubali kazi yako itoke nzuri kwa njia hiyo. Siku ikikulazimu kumkatalia mtu, usimpe kisogo. Tafuta namna ya kumwonyesha ni kwa nini, tena umwonyeshe kitu anachoweza kukishika na kukiona mwenyewe, hata kama itakugharimu krenki nzima uliyoisugua kwa mikono yako. Na neno ulilomwahidi, kalitimize siku ile ile kabla jua halijazama.

Na kama mkubwa wako akitetemeka, wewe usimdharau. Simama mahali pake mpaka apate nguvu. Mzee Wandera nilimheshimu zaidi kuanzia jioni ile kuliko nilivyomheshimu asubuhi.

Haya, umeme umerudi, nasikia chaja inalia. Inuka. Mungu wa baba yangu na wa Mzee Wandera akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona mkwaruzo kabla ya mteja, na uvumilivu wa kuusugua mpaka uishe. Akupe ujasiri wa kukataa inapobidi, na moyo usiomwacha mtu ameumia. Akujalie siku moja uvute ufito wako kutoka kwenye rangi mbele ya watu waliokutilia shaka, nao utoke safi kuanzia juu mpaka chini, na wapige vigelegele hata wale wasiojua ulichofanya. Amina, nenda ukafanye kazi.